Zana za Mpira wa Magongo: Nasaha kwa Achezaye kwa Burudani

Mtu anayeingia katika mpira wa magongo akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, ama kwa kuvutwa na sahibu yake wa kazini, ama kwa kumpeleka mwanawe mazoezini hata naye mwenyewe akashikwa na shauku, aghalabu huenda dukani akaliendea gongo linalong'aa kuliko yote, akalipa fedha zote alizoziweka kwa ajili ya mchezo huu, kisha akaingia uwanjani na gongo la mabingwa mkononi, raba za kukimbilia barabarani miguuni, na meno yake wazi mbele ya mpira mgumu ambao uzito wake, kwa mujibu wa kanuni, haupungui gramu 156. Mwongozo huu nauandika ili nimgeuze njia mtu huyo: nataka ununuzi wake uanze na kinga, ufuate na viatu, na gongo lije mwisho, tena liwe gongo la wastani lililo sawa na kimo chake na uwanja wake.

Utaratibu huo una sababu yake. Mpira wa mchezo huu, ambao mzunguko wake ni baina ya milimita 224 na 235 na uzito wake hauzidi gramu 163, hutengenezwa kwa plastiki ngumu, na mchezaji hodari akiupiga sawasawa huweza kwenda kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Na hata katika mchezo wa jioni wa watu waliotoka makazini, ambao hawana nguvu za kiasi hicho, mpira uliogonga ukingo wa gongo la mwingine hubadili njia ghafula ukapanda, na aliye mbele yake asipate hata nafasi ya kuinua mkono. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu zinawanasihi wachezaji wasio walinda mlango wavae kinga za ugoko, za kifundo cha mguu na za kinywa, wala haziwalazimishi. Nami nasema kwamba asiye na mafunzo marefu na aichukue nasaha hiyo kuwa ni faradhi, kwani mahiri huokoka kwa macho yake na wepesi wa miguu yake, ilhali mwanafunzi hana cha kumwokoa ila alichokivaa.

Basi tuanze na kinywa. Madukani na kwa matabibu utakuta kinga za meno za namna tatu. Iko ile iliyokwisha kuumbwa, ambayo huvaliwa kama ilivyo, nayo siipendi hata kidogo, kwa sababu haikai mahali pake ila mtu ameiuma, na mtu aliyeuma meno muda wote hawezi kupumua vizuri wala kumwita mwenziwe. Iko ile inayofinyangwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa chako, nayo ndiyo bora, na mwenye uwezo asisite. Na mwenye nyaya za kunyosha meno hana budi kumwendea daktari huyo kabla ya kununua chochote. Baina ya hizo mbili iko ile ya kulainishwa kwa maji ya moto, ambayo yawatosha walio wengi iwapo itakalishwa kwa subira. Soma kwanza karatasi iliyokuja nayo, kwani kila mtengenezaji ana muda wake. Ipua maji yaliyochemka, itumbukize kinga kwa muda ulioandikwa na si zaidi, itoe kwa kijiko, ipitishe katika maji baridi kwa nukta moja tu isije ikakuunguza ufizi, kisha simama mbele ya kioo uipachike juu ya meno ya juu. Uma kwa nguvu ya wastani, fyonza mate na hewa iliyomo, bonyeza midomo na mashavu kwa vidole kutoka nje na huku ulimi ukisukuma kutoka ndani, ili plastiki ile ijipenyeze baina ya jino na jino. Ikisha kupoa, fumbua kinywa: kinga iliyokaa haianguki, nawe waweza kulitaja jina lako likasikika bila taabu. Ikianguka, irudishe katika maji ya moto uanze upya. Ikikutia kichefuchefu kwa kuwa ni ndefu mno nyuma, ipunguze kwa mkasi, kidogo kidogo, ukiijaribu kila mara.

Ugoko ni mfupa uliokaa karibu mno na ngozi, hauna nyama ya kuusitiri, na ndiyo maana pigo lake huumiza kuliko mapigo mengi makubwa. Wengi huazima kinga za kandanda, wakidhani kinga ni kinga. Walakini zile za kandanda aghalabu ni fupi na nyembamba, nyingi hazifuniki vifundo vya miguu, na katika magongo ni kifundo hasa kinachogongwa na kichwa cha gongo la mpinzani anayeunyang'anya mpira. Tafuta zilizotengenezwa kwa mchezo huu, zenye ganda gumu nje, sifongo nene ndani, na mbawa zinazoteremka kufunika vifundo pande zote mbili. Kipimo chake si umri wala namba ya kiatu, bali ni urefu wa mguu: kaa kitini, kunja goti pembe mraba, na kinga ianzie pale mguu unapokunjika juu ya kiatu na iishe vidole viwili au vitatu chini ya pia ya goti. Ikipanda zaidi ya hapo, kila ukichuchumaa itakuchoma chini ya goti. Ikiwa fupi zaidi, imekuacha wazi pale pale ulipoinunulia. Zivae na soksi nyembamba ndani na soksi ndefu juu, kisha uchuchumae na kukimbia hatua kadhaa humo humo dukani, bila kumwonea haya muuzaji, kwani kinga inayozunguka mguuni dukani itazunguka zaidi utakapotoka jasho.

Mkono wa kushoto ndio unaoshika juu ya mpini, na mchezaji anapolilaza gongo chini ili kuuzuia mpira, vifundo vya vidole vya mkono huo ndivyo vinavyokwaruzwa na ardhi na kugongwa. Kwa hiyo glavu moja ya kushoto yatosha kuanzia, iwe na kinga juu ya vifundo na kiganja chembamba kinachokuachia uuhisi mpini. Mwenye miwani na avae ya plastiki tupu, lenzi na fremu, iliyofungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Binti anayecheza na mtandio na aufunge kwa kitambaa chenye kunyumbuka kinachokaa bila pini, maana pini ni hatari kwake na kwa mwenziwe. Na timu yenu inapozuia kona ya adhabu, yaani pigo wanalopewa wapinzani kwa kosa lililotendwa karibu na goli lenu, anayesimama kwenye mstari wa goli, na anayetoka mbio kumkabili mpigaji, wavae vinyago vya uso. Vinyago hivyo ni mali ya timu, wala hapana haja kila mtu kununua chake.

Sasa viatu, na hapa sharti tuutazame uwanja, kwani uwanja ndio ulioibadili sura ya mchezo huu wote. Kenya iliposhika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona mwaka 1971, ufundi wake ulikuwa ni wa majani na magongo ya mti. Mwaka 1976 huko Montreal, katika michezo ambayo Kenya pamoja na nchi nyingi za Afrika ziliisusia, magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia, na tangu siku hizo watengenezaji wa viatu, wa magongo na wa mipira wamekuwa wakiufuata uwanja huo wa kisasa, ulio laini na wa haraka. Walakini mchezaji wetu wa burudani huenda leo akacheza juu ya nyasi bandia za City Park jijini Nairobi, na Jumamosi ijayo akaalikwa katika kiwanja cha skuli ambacho nusu yake ni majani na nusu ni udongo mwekundu wenye changarawe. Kiatu kinachofaa pale hakifai hapa.

Kwa nyasi bandia, chagua viatu ambavyo soli yake imejaa vijinundu vingi vidogo vya mpira, kwa kuwa hivyo hugawanya uzito na kushika bila kukwama. Njumu zenye meno marefu hukwama katika nyasi hizo, na mguu uliokwama ilhali kiwiliwili kinageuka huumiza goti, na njumu za chuma zimekatazwa kabisa, maana huupasua uwanja ambao gharama yake ni kubwa mno. Kwa majani halisi, hasa baada ya mvua, njumu za mpira au plastiki ndizo zifaazo. Kwa udongo mkavu, meno marefu hayana pa kuingia, na viatu vile vile vya nyasi bandia hufanya kazi njema. Kwa hiyo mwenye fedha za jozi moja tu na anunue hiyo, na msimu wa mvua aazime. Vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za mchana, ukiwa umevaa soksi na kinga zako zile zile. Kisigino kikae imara kisipande unapotembea, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwani mchezo huu ni wa kusimama ghafula, na vidole vinavyogonga ncha ya kiatu hupoteza kucha.

Ndipo tunapolifikia gongo, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo watu wanapopotezwa zaidi. Gongo la mchezo huu lina uso mmoja tu wa kuchezea, nao ni ule bapa ulio upande wa kushoto. Upande wa pili ni wa mviringo, na kuugusisha mpira kwa upande huo ni kosa. Kwa hiyo yule aliye mashoto asipoteze siku akitafuta gongo la kishoto, kwani halimo katika kanuni. Naye asihuzunike, madhali mkono wa juu, ulio wa kushoto, ndio unaoligeuza gongo huku na huku, na huenda akajikuta amewatangulia wenziwe katika jambo hilo.

La kwanza ni urefu. Simama wima ukiwa na viatu vya kuchezea, lisimamishe gongo ubavuni kichwa kikiwa chini, na ncha ya mpini ifike kwenye mfupa wa nyonga. Hicho ndicho kipimo kinachonasibishwa na Waingereza. Waholanzi huligeuza: kichwa cha gongo huingia kwapani, na ncha ya mpini hushuka hata katikati ya pia ya goti. Kipimo hiki cha pili hutoa gongo refu kidogo, ambalo hufika mbali katika kunyang'anya mpira na hupiga kwa nguvu zaidi, lakini huhitaji mtu anayejua kuinama kwa magoti wala si kwa mgongo. Kwa mwanafunzi napendelea kile cha kwanza. Watu wazima wengi hutoshelezwa na gongo la inchi 36.5, na warefu sana huchukua la 37.5, ilhali magongo ya watoto huanzia chini zaidi na kupanda kwa hatua ndogo. Gongo refu mno hukufukuza mbali na mpira na mpini ukakuchoma tumboni unapoukokota. Fupi mno hukukunja mgongo, na baada ya nusu ya kwanza kiuno chako kitakwambia.

Uzito, kanuni inaruhusu hadi gramu 737, lakini magongo mengi ya watu wazima ya leo yamo katika mia tano na kitu. Usiusadiki uzito ulioandikwa peke yake, kwa sababu magongo mawili ya gramu sawa huweza kutofautiana kwa mizani: moja limelemea kichwani, jingine mpinini. Lishike ncha ya mpini kwa mkono wa kushoto peke yake, ulinyoshe mbele yako, uhesabu pole pole hadi ishirini na huku ukiligeuza kulia na kushoto. Likianza kutetemesha kifundo cha mkono kabla hujamaliza, liache, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ndilo wanalolitumia mabingwa.

Kisha lilaze juu ya meza, uso bapa ukiangalia chini, ulitazame kwa ubavu: utaona limepindika kama upinde. Kanuni inakubali mpindiko usiozidi milimita 25, na kilele chake kisiwe chini ya milimita 200 kutoka kichwani. Yale ambayo kilele chake kimeteremka karibu na mpaka huo yameundwa kwa wanaokokota na kuurusha mpira katika kona ya adhabu. Mikononi mwa mwanafunzi huunyanyua mpira bila kukusudia, nao ukampata mtu usoni. Chukua lile ambalo kilele chake kiko juu zaidi, karibu milimita 300, ambalo hupiga na kupokea kwa uaminifu. Na kichwa chake kiwe cha urefu wa kati, maana ndicho kinachomfaa mtu ambaye bado hajui atachezeshwa mbele au nyuma.

Na sasa ile kaboni inayosifiwa mno. Kwa miaka mingi magongo yalikuwa ya mti, na mforsadi ndio uliopendwa katika viwanda vya Sialkot, Pakistan, na vya Jalandhar, India, ambako mafundi wengi wa Sialkot walihamia Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947. Na miji hiyo miwili hata leo inatoa magongo yanayouzwa duniani kote. Tangu miaka ya 1990 mti umepisha faibaglasi na kaboni, na juu ya magongo mengi huandikwa kiasi cha kaboni kwa mia. Kadiri kaboni inavyozidi ndivyo gongo linavyokuwa kavu na lenye nguvu: mpira unaopigwa huondoka kwa kasi kubwa, lakini unaopokelewa nao huruka mbali, na kila kosa la kupiga hupanda mkononi kwa mtetemo mkali. Mwenye kupiga vizuri hupata faida yake. Mwenye kujifunza hupata hasara tupu, kwa kuwa kazi yake kubwa bado ni kuupokea mpira na kuutuliza. Gongo la faibaglasi lenye kaboni kidogo, asilimia 30 au chini yake, ndilo nasaha yangu, na kwa achezaye juu ya changarawe ni zaidi ya nasaha, maana vijiwe vile hulila gongo la thamani kwa kasi ile ile vinavyolila la rahisi. Anayepata gongo zuri la mti naye asilidharau: atazame nyuzi za mti ziwe zimenyooka mpinini na kuzunguka pamoja na kichwa bila kukatika, na alihifadhi mbali na umande na jua.

Magongo yaliyotumika hupatikana kwa wachezaji wanaobadilisha yao, na aghalabu ni biashara njema, ila ukague kwa makini. Pitisha ukucha juu ya kichwa na kandokando yake ukitafuta ufa. Gonga kwa sarafu kutoka mpinini hata kichwani, na pale ambapo sauti ya wazi inageuka kuwa nzito ghafula, matabaka yameachana ndani. Michubuko ya juu juu haidhuru. Lakini lenye nyuzi zilizochomoza usilinunue hata kwa bei ya bure, maana nyuzi hizo hukata ngozi, na mwamuzi aliye macho atalitoa uwanjani.

Mshiko wa mpini ni kitu cha bei ndogo chenye manufaa makubwa, hasa Mombasa au Dar es Salaam ambako viganja hulowa kabla mchezo haujaanza. Ubandue uliochakaa, anzia juu, uzungushe mpya ukiuvuta, kila mzunguko ukiufunika ule wa kwanza kidogo, na umalize kwa utepe. Vidole vyako vikigusana na kiganja kwa raha, unene ni sawa. Mwenye mikono mikubwa na aongeze tabaka la pili.

Mlinda mlango ana habari yake mwenyewe. Kanuni inamlazimisha avae, kwa uchache, kofia ngumu, pedi za miguu na viatu vya kupigia mpira, na mtu mwenye akili huongeza kinga ya kifua, ya shingo, ya mikono na ya sehemu za siri. Zana hizi ni ghali, na desturi njema ni timu kuzinunua kwa mchango na kuzitunza. Asiambiwe mtu asimame golini na pedi za kriketi, ambazo hazikuundwa kwa mpira unaokuja chini kwa miguu. Katika kuvaa, anza na viatu vya sifongo, uvikaze barabara juu ya raba zako. Kisha pedi zikae juu yake pasipo mwanya, goti lako likiingia pale palipokunjwa kwa ajili yake, na vifungo vyote viwe upande wa nje wa mguu, ama sivyo vitanasana unapopiga hatua na utaanguka. Tikisa kichwa, na kofia iende pamoja nacho: ikicheza peke yake, ni kubwa.

Na wazazi wenzangu nawasihi jambo moja: msimnunulie mtoto gongo la kukulia. Nguo ya kukulia hukunjwa mikono. Gongo halikunjwi, na mtoto aliyejifunza mwaka mzima kwa gongo refu hujifunza kusimama vibaya, kisha mwalimu hupata taabu ya kumfundisha upya. Vivyo hivyo kinga ya meno ya mtoto haina budi kutazamwa kila msimu, kwani taya hukua na meno hubadilika.

Baada ya mchezo usiviache vitu hivi ndani ya mkoba uliofungwa, wala ndani ya gari lililoanikwa juani, ambamo kinga ya meno hulegea ikapoteza umbo na sifongo za kinga hushika harufu isiyotoka. Kinga ya meno ioshe kwa maji baridi na mswaki, uiweke katika kisanduku chenye matundu. Kinga za ugoko na glavu zianikwe kivulini penye upepo. Viatu vitolewe udongo, vijazwe magazeti makavu. Na gongo lifutwe, likaguliwe kichwani, lisimamishwe ndani ya nyumba hata siku ya mazoezi.